Kadi Iliyochakaa au Nakala Inayong'aa?

HOJA: Anayeanza kukusanya kadi za kale za besiboli anunue kadi halisi tangu siku ya kwanza, hata kama imechakaa, na nakala aziache dukani.

MKUSANYAJI: Kati ya mwaka 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ilikuwa ikitia ndani ya pakiti zake za sigara vikadi vya wachezaji wa besiboli wa Marekani. Kikadi kimoja kina ukubwa wa milimita 37 kwa 67 hivi: mbele picha ya rangi, nyuma tangazo la sigara. Wakusanyaji wanaviita T206, jina lililotoka katika orodha kubwa ya Jefferson Burdick wa Syracuse, New York. Seti nzima ina kadi 524. Wengi wakisikia T206 wanaifikiria kadi ya mchezaji Honus Wagner na mamilioni ya dola, wanakata tamaa kabla hawajaanza. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya hizo 524 ni za wachezaji ambao leo hawatajwi popote. Kadi ya mchezaji wa namna hiyo, pembe zimelika na mkunjo mmoja umepita katikati, hupatikana kwa makumi ya dola tu. Kwa fedha hiyo mtu anashika mkononi karatasi iliyotoka kwenye pakiti ya sigara za Piedmont au Sweet Caporal zaidi ya miaka 110 iliyopita. Nakala haiwezi kumpa hilo kwa bei yoyote.

MWALIMU: Mzee anayataja makumi ya dola kana kwamba yanaokotwa. Tufanye hesabu. Kadi 524 kwa dola 50 kila moja ni dola 26,200, na hesabu hiyo imemchukulia Wagner kama mchezaji wa kawaida. Agosti 2022 kadi moja ya Wagner, tena isiyo katika hali nzuri, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Nani anayeanza ataiona seti hiyo ikiwa kamili mezani pake? Anayenunua nakala anaiona. Anamwona Wagner, Ty Cobb, Cy Young na Christy Mathewson pamoja, anasoma majina ya miji, anaona jezi zilivyoshonwa. Kadi moja iliyokunjamana ya mchezaji asiyejulikana haimfundishi mtu historia ya mchezo. Inamfundisha kuwa mwangalifu na karatasi, basi.

MKUSANYAJI: Kuwa mwangalifu na karatasi ndiyo kazi yenyewe, Mwalimu. Anayetaka historia ya mchezo tu, vitabu vipo.

MUUZAJI: Wote wawili wamekimbilia T206 kana kwamba kabla yake na baada yake hakukuwa na kitu. Anayekuja dukani kwa mara ya kwanza huonyeshwa sanduku la kadi za kampuni ya Topps za mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni kadi halisi, za kale kwa kipimo cha mtu yeyote, na za wachezaji wasio na jina kubwa zikiwa zimechakaa huuzwa kwa dola chache, bei ya soda na kitafunio. Kuna pia kadi za chingamu za Goudey za 1933, kutoka Boston. Babe Ruth ana kadi 4 katika seti hiyo na zote ni ghali mno, lakini wenzake waliocheza naye wananunulika. Hoja ya kwamba kadi halisi ni za matajiri inawasahau hawa wote.

Na upande wa nakala nao usemwe. Nakala ikishatoka dukani, thamani yake imeishia hapo. Anayenunua kadi ya kawaida ya 1957 kwa dola 4 anaweza kuiuza tena kwa dola 3 au 5. Anayenunua nakala kwa dola 4 atafute mtu wa kumpa bure.

MWALIMU: Hiyo si kweli kwa nakala zote, na muuzaji analijua hilo. Mwaka 1983 kampuni ya Topps yenyewe ilichapa upya seti yake maarufu ya 1952. Seti ya awali ilikuwa na kadi 407. Ya marudio ina 402, kwa sababu hakukuwa na makubaliano na wachezaji 5, akiwamo Dom DiMaggio, mdogo wake Joe. Nakala hizo zimeandikwa wazi kwa nyuma kuwa ni chapa ya marudio, na leo zenyewe zinatafutwa na kulipiwa. Kadi ya Mickey Mantle ya 1983 ina wanunuzi wake. Zaidi ya miaka 40 imepita. Lini nakala itaruhusiwa kuwa ya kale?

MUUZAJI: Hapo Mwalimu ana haki. Nakala ya kampuni yenye haki miliki, iliyoandikwa mwaka na asili yake, ni bidhaa halali na ina soko lake. Kilichosemwa kinahusu rundo la nakala zisizo na jina la mchapaji, zinazouzwa kwa pakiti.

ANAYEANZA: Mnazungumzia kadi mbili kama vile mtu akiziona atajua ipi ni ipi. Tatizo la anayeanza liko hapo hasa. Mezani kuna kadi ya Mantle ya 1952. Aliyeishika anasema ni ya marehemu babu yake. Nitajuaje?

MKUSANYAJI: Kwa kipimo, mwanangu, kabla ya kitu kingine chochote. Kadi halisi ya Topps ya 1952 ni kubwa: karibu milimita 67 kwa 95. Nakala ya 1983 ilichapwa kwa kipimo cha siku hizi, milimita 64 kwa 89 hivi. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuimaliza hiyo kesi.

ANAYEANZA: Na kama nakala imechapwa kwa kipimo kilekile cha zamani? Maana zipo.

MKUSANYAJI: Zipo tele. Hapo unachukua kioo cha kukuzia cha mara 10, kama cha sonara. Usimwangalie Mantle usoni. Angalia maandishi na mistari. Picha za Topps za 1952 zilichapwa kwa vitone, na nakala nayo ina vitone, kwa hiyo uso hautakuambia kitu. Lakini kwenye kadi halisi, mstari mweusi unaozunguka jina ni wino mmoja uliokolea, ukingo wake umenyooka. Kwenye nakala, aliyeichapa alipiga picha kadi nzima, kwa hiyo mstari na herufi navyo vimevunjikavunjika kuwa vitone vya rangi mbalimbali. Ukiona hivyo mara moja, macho hayasahau.

T206 zina habari yake. Zilichapwa kwa lithografia, rangi moja juu ya nyingine. Chini ya kioo utaona rangi iliyolala bapa, na vitone vilivyotawanyika bila mpangilio wa mashine. Jina la mchezaji chini ya picha ni wino wa kahawia, herufi imejaa. Ukiona jina hilo limeundwa na vitone vilivyopangwa kama majani ya ua, rudisha kadi uende zako.

MWALIMU: Sasa mzee ameisaidia hoja ya upande wa pili bila kujua. Mtu atayajuaje maandishi yaliyovunjikavunjika kama hajawahi kuyaona? Nakala ya dola 2 ndiyo shule ya macho. Iwekwe kando ya kadi halisi ya bei ndogo ya mwaka uleule, kioo kipite juu ya zote mbili, na mtu amejifunza kwa nusu saa jambo ambalo wengine wamelijifunza kwa kupoteza mamia ya dola. Anayekatazwa nakala anakatazwa kumjua adui yake.

MKUSANYAJI: Kuinunua ili kujifunza sawa. Kuinunua na kuiita mkusanyo, hapana.

MWALIMU: Nani amempa mzee mamlaka ya kugawa jina hilo?

MUUZAJI: Kuna kifaa kingine kiko kaunta kwa kila mwenye duka: taa ya kukagulia noti. Karatasi za siku hizi hutiwa kemikali ya kuzing'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka rangi ya samawati. Kemikali hizo zilianza kuenea kwenye karatasi katika miaka ya 1940, kwa hiyo kadi ya 1909 au 1933 inayowaka ni ya uongo. Lakini lazima isemwe pia kwamba kinyume chake hakithibitishi kitu. Wapo matapeli wanaochapa juu ya karatasi tupu zilizotolewa kwenye vitabu vya zamani, na hizo haziwaki. Taa inakataa, haithibitishi.

Nyuma ya kadi kuna ushahidi ambao wageni hawaugusi. Kadi zote za T206 za Wagner zinazotambuliwa kuwa halisi zina tangazo la Sweet Caporal au la Piedmont. Akija mtu na Wagner mwenye tangazo la Polar Bear au Old Mill nyuma, hakuna haja ya kioo wala taa. Mchapaji wa nakala hajali tangazo gani linakaa nyuma ya nani; kiwanda kilijali.

ANAYEANZA: Na zile zilizozeeka? Maana niliambiwa kadi mpya ndiyo ya kuogopwa, na kadi iliyochoka ni salama.

MKUSANYAJI: Aliyekuambia hivyo alikudanganya, au naye alidanganywa. Kuzeesha karatasi ni kazi ya jioni moja. Inalowekwa kwenye chai au kahawa, inakaushwa, pembe zinasuguliwa. Palipokuwa na maandishi ya kusema ni nakala panaparuliwa kwa wembe. Kwa hiyo geuza kadi, ielekeze kwenye mwanga. Ukiona sehemu moja nyuma imekuwa nyembamba kuliko kwingine, au kuna doa linalofunika mstari mmoja tu wa maandishi, jiulize doa limejuaje pa kukaa. Na uchakavu wa kweli haulingani. Kadi iliyokaa mfukoni mwa mtoto ina pembe moja mbaya kuliko nyingine, na uchafu umeingia ndani ya mkunjo. Iliyosuguliwa kwa makusudi, pembe zote 4 zimelika sawasawa.

MUUZAJI: Kwa anayeanza, yote hayo yana njia ya mkato. Anunue kadi iliyokwisha kukaguliwa. Kampuni za ukaguzi, PSA tangu 1991, SGC tangu 1998 na Beckett tangu 1999, huitazama kadi, huipa daraja kati ya 1 na 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Mnunuzi anaiangalia namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni. Kioo na taa awaachie wanaolipwa kwa kazi hiyo.

MKUSANYAJI: Sasa tuzungumze juu ya kasha.

Kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA ilikuwa Wagner. Mwaka huohuo wa 1991, Wayne Gretzky, nyota wa magongo ya barafuni, alikuwa ameinunua pamoja na Bruce McNall kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000. Ilipewa daraja la 8, jambo la ajabu kwa kadi ya umri ule, na miaka yote iliyofuata ikawa kadi maarufu kuliko zote. Mwaka 2007 ilifika dola milioni 2.8. Minong'ono ilikuwapo tangu zamani kwamba kingo zake zilikatwa zikanyooshwa, na kwa sheria za wakusanyaji kadi iliyokatwa haistahili namba yoyote. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki na ambaye nyumba yake ya minada ilikuwa kubwa katika biashara hii, alikiri katika kesi ya ulaghai mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliikata yeye. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Kasha namba moja la kampuni ile, kadi iliyokatwa. Kama wataalamu walipitwa na ile, anayeanza aweke akili yake rehani kwa kipande cha plastiki?

MUUZAJI: Mzee ametaja kadi moja ya 1991. Tangu hapo vipimo vimebadilika, na mamilioni ya kadi zimepita. Kesi ya Mastro inaonyesha kwamba kasha si msahafu. Haionyeshi kwamba macho ya mtu aliyeanza wiki iliyopita ni bora kuliko ya mkaguzi.

MKUSANYAJI: Hakuna aliyesema ni bora. Kinachosemwa ni kwamba anayeanza akianzia kwenye kasha, macho yake hayataanza kazi kamwe. Atanunua namba. Miaka 10 baadaye atakuwa na makasha 40 na hatajua karatasi ya Goudey ina unene gani, kwa sababu hajawahi kuigusa.

MUUZAJI: Na akianzia bila kasha atauziwa mbuzi kwenye gunia mara 3 mfululizo, ataondoka kwenye ukusanyaji asirudi. Wameshuhudiwa wengi. Kwa kadi ya dola 5, kasha halina maana. Ada ya ukaguzi peke yake inaipita thamani ya kadi. Lakini kwa Mantle, Ruth, Cobb, Wagner, Jackie Robinson, na kadi yoyote ambayo ikiwa ya uongo mtu atakosa usingizi, kasha liwepo. Na hata hapo namba ihakikiwe, maana makasha nayo yanaghushiwa.

MWALIMU: Inashangaza jinsi mjadala wa kadi unavyogeuka haraka kuwa wa fedha. Burdick, ambaye jina T206 tumelipata kwake, alitoa mkusanyo wake wa zaidi ya vipande 300,000 vya karatasi kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Hakuuza. Kadi za besiboli hazikuwa hata kitovu cha karatasi zake zote; kulikuwa na kadi za salamu, za matangazo, za posta. Alitaka watu wazione. Jumba hilo lina Wagner hadi leo. Mtu wa namna ile angemkataza mtoto nakala?

MKUSANYAJI: Burdick alitumia maisha yake kutafuta karatasi halisi, Mwalimu. Hakuwaachia Metropolitan nakala 300,000.

MWALIMU: Sawa, basi tuulize hizo karatasi halisi zinamwonyesha nani. Katika kadi zote 524 za T206 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja. Ligi kuu ziliwafungia mlango mpaka tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Josh Gibson, mmoja wa wapigaji wakubwa waliowahi kushika gongo, alifariki Januari mwaka huohuo, miezi mitatu kabla. Mwaka 2024 ligi kuu zilipoingiza rasmi takwimu za ligi za watu weusi, Gibson ndiye aliyekaa juu ya orodha ya wastani wa upigaji kwa maisha yote, akiwa na .372, na Cobb akashuka nafasi ya pili. Kadi za Gibson za enzi zake ni adimu kupita kiasi. Anayeambiwa anunue za zamani tu anaambiwa anunue historia yenye pengo, kisha akae nayo.

MKUSANYAJI: Hapo kuna mambo mawili yamechanganywa. Kadi ya Gibson iliyotengenezwa miaka ya karibuni kwa picha ya zamani si nakala ya kadi yoyote, kwa sababu imetoka kwenye picha, si kwenye kadi nyingine. Ni kadi mpya. Inunuliwe, iheshimiwe, hakuna ugomvi. Na pengo lenyewe ni ushahidi. Ukizitandaza T206 mezani na usione uso mweusi hata mmoja, umeiona Marekani ya 1909 kama ilivyokuwa. Nakala iliyoongezwa sura ambazo hazikuwapo ingeuficha ule ubaya.

MWALIMU: Hapo mzee amenena, na pengo hilo halina ubishi tena. Lakini akitaka kumwona Robinson mwenyewe? Kadi zake za kampuni za Leaf na Bowman za mwishoni mwa miaka ya 1940 ni ghali hata zikiwa zimechanika. Ile ya Topps ya 1952 ina namba 312, jirani kabisa na Mantle mwenye 311, na inapatikana kwa shida ileile.

MUUZAJI: Na shida hiyo ina sababu, si ujanja wa wauzaji. Kadi za seti ya 1952 kuanzia namba 311 zilitoka mwishoni mwa msimu, watoto wameshahamia kwenye mambo mengine, maduka hayakuzitaka. Zikabaki ghalani. Sy Berger wa Topps, aliyeibuni seti ile, alisimulia mwenyewe jinsi mwaka 1960 walivyozipakia masanduku kwa mamia kwenye tishari na kuzimwaga baharini, pwani ya New Jersey, kwa kukosa hata wa kuzichukua bure. Agosti 2022, Mantle mmoja wa seti ile aliuzwa kwa dola milioni 12.6. Aliyekuwa nayo aliinunua kwa dola 50,000 mwaka 1991.

ANAYEANZA: Ndiyo maana kila mtu ana kadi ya babu. Zikitajwa bei hizo, dari zote zinapekuliwa.

MUUZAJI: Na baadhi ya dari zina kadi kweli. Mwaka 2012 huko Defiance, Ohio, familia moja ilikuta darini kadi 700 hivi za mwaka 1910, safi kana kwamba zimechapwa jana. Mwaka 2016 familia nyingine ya kusini mwa Marekani ilikuta kadi 7 adimu za Ty Cobb ndani ya mfuko wa karatasi uliokuwa karibu kutupwa. Zote zilipita kwa wakaguzi.

MKUSANYAJI: Na kwa sababu ya hizo dari mbili za kweli, kila tapeli sasa ana dari. Nusu yao hawasemi hata kwamba kadi ni halisi. Wanasema: hatujui lolote kuhusu kadi, tumeikuta kwa marehemu, amua mwenyewe. Maneno hayo ni ya kujikinga. Mwenye kadi ya maelfu ya dola halazimiki kuwauliza wageni, wakaguzi wapo. Anayesema hajui kama ni halisi alipwe bei ya nakala, asiongezewe senti.

MWALIMU: Basi tatizo ni uongo wa muuzaji. Nakala haina kosa.

MKUSANYAJI: Nakala ni malighafi ya uongo huo. Aliyeichapa mwaka 1980 aliiita nakala. Mnunuzi wa pili aliijua. Wa tatu aliirithi bila maelezo. Wa nne akaiona pesa.

MWALIMU: Basi iandikwe isifutike. Marekani ina sheria ya shirikisho ya mwaka 1973 ya kuwalinda wakusanyaji. Sarafu ya kuigiza lazima ipigwe muhuri wa kusema ni nakala, na beji ya kuigiza ya kampeni za siasa iwekwe mwaka ilipotengenezwa. Kadi za besiboli hazimo. Mtu akimuuzia mwenzake nakala kwa kudanganya anaweza kushtakiwa kwa ulaghai, lakini hakuna kinachomlazimu mchapaji kuiweka alama. Anayependa nakala ndiye wa kwanza kudai sheria hiyo ipanuliwe, kwa sababu nakala isiyo na alama inazichafulia jina nakala zote.

MUUZAJI: Alama ya nyuma inaparuliwa, imeshasemwa hapa. Ya mbele itaharibu picha, na hakuna atakayenunua.

MKUSANYAJI: Basi zichapwe kwa kipimo tofauti, kama walivyofanya Topps 1983. Wembe hauwezi kuirefusha kadi.

MWALIMU: Hilo linakubalika. Lakini lisigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima mtu nakala leo.

ANAYEANZA: Leo nina dola 100. Nifanye nini nazo?

MUUZAJI: Dola 60 kwa kadi moja ya T206 au Goudey, ya mchezaji usiyemjua, kutoka kwa mtu mwenye duka linalojulikana na anayekubali kurudishiwa. Ikubali iwe na mikunjo, ila isiwe imekatwa wala kupakwa rangi. Dola 20 kwa kadi 4 au 5 za Topps za miaka ya 1950. Zinazobaki, kioo cha kukuzia na vifuko vya plastiki visivyo na PVC, maana plastiki mbaya huila kadi polepole. Usizifunge na mpira, usizibandike, usizitundike juani.

MKUSANYAJI: Ameeleza vizuri. Kioo kitangulie kununuliwa.

MWALIMU: Dola 15 za seti ya nakala mmezisahau. Pakiti moja ya T206 zilizochapwa upya, ikae mezani karibu na kadi yako moja halisi. Utawajua wachezaji wote kwa sura, na siku utakayokutana na Cobb mezani kwa muuzaji utakuwa umeshamwona wa uongo mara mia. Kisha, kabla hujampa mtoto au rafiki nakala hata moja, chukua kalamu ya wino, andika nyuma kwa herufi kubwa: NAKALA.

MUUZAJI: Ukiandika hivyo hata ile ya Topps ya 1983, umeiua bei yake.

MWALIMU: Ile ya Topps imeshaandikwa kiwandani. Hizi nyingine bei yake ife.

MKUSANYAJI: Katika hilo Mwalimu hana mpinzani. Katika lile la seti ya nakala, bado tuko mbali. Lakini wewe uliyeuliza, dola 100 zako ziwe kwa Mwalimu au kwa Muuzaji, mpe anayekuuzia maswali mawili, ayajibu kwa maandishi: kadi hii ni halisi, ndiyo au hapana, na mkaguzi akisema si halisi, fedha zangu zitarudi? Asiyeandika jibu la moja kati ya hayo, mwachie kadi yake.